Kikokotoo cha babu kinanuka siki, nifanyeje?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Mtwara mjini, Shangani, karibu kabisa na bahari. Babu mzaa mama alikuwa karani wa chama cha msingi huko Tandahimba, na baada ya yeye kufariki nimekabidhiwa boksi lenye kalkuleta zake tatu. Moja ni Casio MG-880, ile yenye mchezo wa namba. Inawaka, lakini kioo kimefifia, upande mmoja kimeota kama mapovu, na ukiisogeza puani inanuka siki. Tarakimu moja inakosa vijistari. Ya pili ni bapa, ina saa na kengele, jina limefutika. Saa yake inachelewa dakika tatu kila siku, na kengele nikiitega saa kumi na mbili asubuhi inalia usiku wa manane. Ya tatu ina kioo cha sola, lakini ukiitoa betri haiwaki hata juani. Kuna jamaa amekuja mara mbili anataka kuzinunua zote kwa bei kubwa, anasema za zamani zina zebaki nyekundu. Mimi nataka kuzitunza na ikiwezekana niongeze nyingine. Nianzie wapi? Na ile inayonuka niianike juani ikauke?"*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuondokewa na babu.

Usiianike juani. Hilo lishike kwanza. La pili, toa betri kwenye vikokotoo vyote vitatu leo hii, hata kwenye vile vinavyofanya kazi. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki au hata miezi. Watu wengi hudhani vifaa hivi hufa kwa uzee. Chipu ya mwaka 1980 iliyotunzwa vizuri inapiga hesabu leo sawasawa na ilivyokuwa inatoka kiwandani. Kinachoviua ni betri inayovuja, joto, na unyevu wenye chumvi, na nyumba ya Shangani inayapata mawili ya mwisho bila kuyatafuta.

Nianze na huyo jamaa, kwa sababu akija mara ya tatu unaweza kushawishika. Hakuna zebaki nyekundu ndani ya kikokotoo, wala ndani ya redio, televisheni au cherehani. Ni uzushi uliozunguka nchi nyingi na umewafanya watu wavunje vyombo vizima bila kupata kitu. Zebaki yenyewe ina rangi ya fedha. Zipo betri ndogo za miaka ya 1970 na 1980 zilizotengenezwa kwa zebaki, lakini kiasi chake ni kidogo mno na ni sumu tu. Haina mnunuzi, na betri ya namna hiyo haifai kupasuliwa. Ukifungua MG-880 utakuta bodi moja, chipu moja, kioo, ufito wa mpira, pedi za vitufe na kisahani cha shaba cha kutoa mlio. Basi. Akikuambia utangulize hela ya kupimia au ya nauli ya tajiri wake, hapo umeshakutana na tapeli.

Sasa nikueleze ulichorithi, maana ukikijua utajua pia kipi cha kuangalia unapotafuta vingine.

Vikokotoo vya mkononi vilianza kwa bei ya kutisha. Busicom wa Japani walitoa LE-120A mwaka 1971, kikokotoo cha kwanza cha kuingia mfukoni, chenye taa nyekundu za tarakimu. Mwaka uliofuata Casio wakatoa Casio Mini kwa yeni 12,800 na bei ikaanza kuporomoka. Mwaka 1973 Sharp wakatoa EL-805 yenye kioo cha fuwele za kimiminika, mtangulizi wa kioo unachokiona kwenye MG-880 yako, na betri ikaanza kudumu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kujumlisha na kutoa kulikuwa hakumshangazi mteja tena. Watengenezaji wakaanza kuongeza vitu: saa, kengele, muziki, kisha michezo. MG-880 ilitoka mwaka 1980, wakati Space Invaders, mchezo wa mwaka 1978 wa kufyatulia wavamizi wa angani, ulikuwa umeiteka Japani nzima. Mwaka huohuo wa 1980, mwezi wa Aprili, Nintendo nao wakatoa Game & Watch ya kwanza. Aliyekibuni kidude hicho cha mchezo cha mfukoni, Gunpei Yokoi, alisimulia kwamba wazo lilimjia baada ya kumwona abiria wa treni akijipotezea muda kwa kubonyezabonyeza kikokotoo. Vioo na chipu zake zilitengenezwa na Sharp, kampuni ya vikokotoo. Ni ukoo mmoja.

Tazama jinsi mchezo wa MG-880 ulivyobuniwa, maana hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kioo cha kikokotoo hakiwezi kuchora chombo cha angani. Kila tarakimu ina vijistari saba tu, na kwa vijistari saba unapata 0 hadi 9 na herufi chache. Basi wavamizi wakawa ni tarakimu zenyewe. Zinaingia kutoka kulia, zinasogea kushoto moja baada ya nyingine. Kitufe cha nukta ndicho cha kulenga: kila ukikibonyeza, tarakimu yako inapanda kwa moja. Kitufe cha kujumlisha ndicho cha kufyatua. Ukifyatua tarakimu yako ikiwa sawa na ya mvamizi, anaondoka, na ukimpiga akiwa bado mbali unapata alama nyingi zaidi. Halafu kuna siri ambayo wengi hucheza miaka bila kuijua: jumla ya tarakimu ulizozipiga ikiishia na sifuri, kwa mfano umepiga 3, kisha 5, kisha 2, mvamizi anayefuata anakuja kama herufi "n", na huyo ana alama 300. Mchezaji hodari anapiga hesabu kichwani huku vidole vinakimbia. Casio wenyewe waliupenda mchezo huu kiasi cha kuurudisha mwaka 2017 kwenye kikokotoo kipya kinachoitwa SL-880. Na kabla ya hapo waliutia kwenye saa ya mkononi ya CA-90, yenye kikokotoo, saa na mchezo huohuo. Ukiiona CA-90 popote, isikupite.

Turudi kwenye siki. Kioo cha kikokotoo ni vipande viwili vya glasi vyenye kimiminika cha fuwele katikati, na nje ya glasi hizo, mbele na nyuma, kumebandikwa utando mwembamba wa polaraiza. Utando huo unafanya kazi kama ukuta wa fito: mwanga unaopita ni ule tu uliolala sambamba na fito zake. Fuwele zilizo katikati huuzungusha mwanga ili upite tando zote mbili. Umeme ukifika kwenye kijistari fulani, fuwele za hapo huacha kuuzungusha, mwanga unazuiwa, nawe unaona kijistari cheusi. Kwa maneno mengine, tarakimu unazozisoma zinatokana na tando mbili zinazoshirikiana na fuwele. Utando mmoja ukiharibika, kioo kinafifia hata kama glasi, chipu na betri ni vizima.

Utando huo hutengenezwa kwa tabaka za selulosi asetati. Joto na unyevu vikikaa nayo miaka mingi, asetati inavunjika na kutoa asidi ya asetiki, yaani asidi ileile inayokipa siki harufu yake. Asidi hiyo nayo inaharakisha kuvunjika kwa kile kilichobaki. Ndiyo sababu nikasema usianike: jua linaongeza joto, na asetati iliyokwisha kuvunjika hairudi. Kukausha hakuponyi, wala mchele hauponyi. Na ndiyo sababu usikifunge kikokotoo kinachonuka siki ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, wala usikiweke boksi moja na vile vizima, kwa sababu mvuke wake utawaambukiza wenzake. Kiweke peke yake, mahali penye kivuli na hewa.

Kabla ya kuamua lolote, hakikisha unajua kilichoharibika ni nini, maana dalili za kioo hufanana kwa macho ya haraka. Mapovu, rangi za upinde wa mvua, kufifia na harufu ya siki ni utando. Doa jeusi kama wino lililoanzia pembeni na linalotanuka ni glasi iliyopasuka au gundi ya pembeni iliyoachia, na hilo halina tiba isipokuwa kubadili kioo kizima. Tarakimu zote kuwa hafifu kwa usawa, bila harufu, mara nyingi ni betri iliyochoka. Vijistari vyote kuonekana kama vivuli hata vile visivyotakiwa ni dalili kwamba volti zimezidi, yaani mtu ameweka betri isiyo yake. Na kioo kuwa cheusi chote baada ya kuachwa kwenye gari juani si kifo: fuwele zimepashwa joto kupita kiwango chao, zikipoa kivulini hurudi. Ila utando haupendi kutendwa hivyo mara mbili. Ukipata vile vya miaka ya 1970 vyenye kioo cha rangi ya manjano, usidhani kimechakaa na kuanza kukikwangua. Ni kichujio kilichowekwa makusudi kukinga kioo na miali mikali ya jua.

Kwa hiyo MG-880 yako ina magonjwa mawili tofauti. Tarakimu inayokosa vijistari huenda haihusiani kabisa na utando. Kati ya bodi na kioo kuna ufito laini wa mpira, ambao mafundi huuita zebra kwa sababu ukiukuza kwa lenzi una mistari: tabaka la kaboni linalopitisha umeme, tabaka lisilopitisha, na kuendelea hivyo. Haujachomelewa, umebanwa tu. Vumbi, chumvi au skrubu iliyolegea ikiingilia, kijistari kinapotea. Hili unaweza kulifanya mwenyewe, na ningependa ulifanye wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa kavu, badala ya Januari mvua zikiwa zimeshika.

Tandika kitambaa cheupe mezani, toa betri, tumia bisibisi ndogo ya msalaba inayokaa barabara kwenye skrubu. Chora umbo la kikokotoo kwenye karatasi na kila skrubu iweke pale ilipotoka, kwa sababu urefu wake hutofautiana na ndefu ikiingia tundu la fupi inaweza kutoboa uso wa mbele. Kilaze kifudifudi ili vitufe visimwagike. Mfuniko usiunyanyue kwa nguvu: kile kisahani cha mlio mara nyingi kimebandikwa kwenye mfuniko na kina nyaya mbili nyembamba kama uzi, ambazo hukatika kabla hujazijua. Piga picha kwa simu kila hatua. Ukifika kwenye bodi, legeza skrubu zake, inua taratibu, na ufito wa zebra utauona umelala ukingoni mwa kioo. Ushike kwa kibanio cha plastiki, usiuguse kwa vidole. Pamba ya masikioni iliyoloweshwa kidogo alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, pitisha kwenye kingo za ufito, kwenye ukingo wa glasi na kwenye vile vidole vya shaba au kaboni vilivyo kwenye bodi. Acha dakika kumi. Rudisha ufito upande uleule, kisha kaza skrubu nusu mzunguko kila moja, kwa kukatisha kona, ili mbano uwe sawa.

Kuhusu alkoholi, nenda kwa mafundi simu, wanayo. Spiriti ya kupaka kidonda mara nyingine huchanganywa na mafuta, na mafuta hayo yakibaki kwenye mguso umeongeza tatizo. Petroli na thina ni marufuku kabisa, vinayeyusha plastiki na kufuta maandishi ya vitufe. Na kama badala ya ufito wa mpira utakuta utepe bapa uliogandishwa kwenye glasi na bodi, usiuvute. Funga, mpelekee fundi.

Kwa utando wenyewe una njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuiacha kama ilivyo: bado inawaka, bado inasomeka, unaitunza kama kumbukumbu na kukubali kwamba itaendelea kufifia. Ya pili ni kutafuta MG-880 nyingine iliyokufa bodi lakini yenye kioo kizima, uunganishe mbili zipatikane moja. Njia hiyo ni salama, ila inaweza kuchukua miaka, na kioo utakachokipata nacho kina umri uleule. Ya tatu ni kubadili utando. Ningekuwa na MG-880 moja tu, tena ya babu, ningeanza na ya kwanza huku nikijifunza ya tatu kwenye kikokotoo cha bei rahisi kisicho na thamani kwangu.

Utando mpya huuzwa kwa karatasi, na mafundi televisheni wanao wa bure: kila televisheni bapa iliyopasuka kioo ina utando mkubwa kiasi cha kutosha vikokotoo makumi. Kabla ya kukata, ushike juu ya kioo cha kikokotoo na uuzungushe polepole. Kuna pembe ambapo tarakimu zitaonekana nyeusi kwenye weupe, na pembe nyingine ambapo zitageuka nyeupe kwenye weusi. Weka alama kwenye pembe iliyo sahihi ndipo ukate. Ukikata kwanza umepoteza kipande. Utando wa zamani hung'olewa kuanzia kona kwa kipande cha plastiki ngumu, kama kadi ya simu iliyokwisha, ukilaza mkono ili glasi isipinde, maana ina unene wa milimita moja au pungufu. Gundi iliyobaki ilainishe kwa alkoholi kidogo, lakini usiache alkoholi ikakaa pembeni mwa glasi penye gundi ya kuziba, kwani ikiingia ndani kioo kimekwisha. Utando wa mbele ndio rahisi. Wa nyuma umeshikamana na karatasi ya fedha inayorudisha mwanga, na huo naomba umwachie mtu mwenye mkono uliozoea.

Tuje kwenye saa. Ndani yake kuna kifuwele cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na tano, kwa hiyo chipu inaigawa kwa mbili mara kumi na tano na kupata pigo moja kwa sekunde. Vifuwele hivi hurekebishwa vikae sawa karibu na nyuzi 25, na joto likizidi au kupungua hapo, saa inachelewa. Lakini inachelewa kwa kiasi gani? Kwenye chumba cha nyuzi 32, joto peke yake linakula kama sekunde nne kwa mwezi. Wewe unapoteza dakika tatu kwa siku. Kwa hiyo yeyote atakayekuambia ni joto la Mtwara hajapiga hesabu. Hata kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia kilicho kwenye bodi za aina fulani hakiwezi kufidia pengo hilo, kinasogeza sekunde moja mbili kwa siku tu. Usikiguse.

Dakika tatu kwa siku maana yake umeme unavuja kuzunguka miguu ya kifuwele, au volti zinashuka hadi chipu inasitasita. Anza na betri mpya. Ikiendelea, fungua utafute kisilinda kidogo cha rangi ya fedha, ukubwa wake karibu na punje ya mchele, na usafishe bodi kukizunguka kwa alkoholi na mswaki laini. Hewa ya chumvi huacha utando usioonekana unaofyonza unyevu, na huo unatosha kabisa kuivuruga saa. Kama haikusaidia, kifuwele kimechoka. Fundi saa yeyote anacho cha kubadilishia, kwa kuwa saa za ukutani hutumia cha masafa yaleyale.

Kengele haina ubovu. Vikokotoo hivi vinahesabu siku kuanzia usiku wa manane, na 12:00 yenye alama ya A au AM kwake ni usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi itege 6:00 yenye A, na saa kumi na mbili jioni 6:00 yenye P. Angalia na saa yenyewe isomwe hivyohivyo, maana ukiweka saa kwa hesabu yetu na kengele kwa hesabu yao, tarehe nayo itabadilika saa sita kabla au baada ya wakati wake.

Jambo la betri nalitilia mkazo kwa sababu ya hicho chenye saa. Kikokotoo cha kawaida ukikizima kimelala. Chenye saa hakizimiki: ukifunga kioo, saa inaendelea kula. Tuseme inakula maikroampea 10 na betri yake ina miliampea-saa 150, hiyo ni saa 15,000, mwaka mmoja na miezi kama minane. Baada ya hapo betri imeisha, imekaa kwenye droo, na betri ya alkali iliyoisha ndiyo inayovuja. Vingi vyenye saa vimekufa kwa njia hiyo, vikiwa havijaguswa na mtu.

Ukikuta ukungu mweupe kwenye chemba, uliza kwanza ni wa betri gani. Betri ya alkali huvuja besi, hivyo inazimwa na tone la siki au ndimu kwenye pamba. Betri za bei rahisi za kaboni na zinki huvuja chumvi zenye asidi, na hizo zinataka maji yaliyokorogwa magadi kidogo. Usipapase kwa vidole vitupu. Baada ya hapo futa kwa pamba yenye maji safi, kisha alkoholi, acha ikauke siku nzima. Kijani cha samawati ni shaba iliyoliwa: kwangua taratibu kwa kijiti cha mbao, na msasa usikaribie, kwani unaondoa tabaka la juu na kutu inarudi kwa kasi.

Unaponunua betri, soma herufi. LR ni alkali, SR ni ya fedha, CR ni lithiamu ya volti 3. LR44 na ile inayoandikwa AG13 kwenye vikaratasi vya mezani ni kitu kimoja: upana milimita 11.6, unene 5.4. SR44 ina umbo hilohilo lakini inashikilia volti 1.55 karibu hadi mwisho, kwa hiyo ndiyo ya kuweka kwenye chenye saa kama utaipata. LR43, yaani AG12, ina upana uleule ila nyembamba, milimita 4.2. Watu huikandamiza karatasi ya sigara ili ijae, na mguso unapinda. Usiweke CR ya volti 3 mahali pa betri moja ya 1.5 kwa sababu tu imetoshea. Pima kwa mita kabla ya kulipa: LR44 mpya inasoma 1.5 au zaidi kidogo. Zile zilizoshinda juani mezani mara nyingi hazifiki.

Hicho cha tatu inaelekea kina sola ya urembo. Kipande cha plastiki ya kahawia kimebandikwa, hakina hata waya. Viko vingi. Si cha kutupa, kitumie kujifunzia kufungua na kubadili utando.

Vya kuongeza, tafuta kwa walimu wastaafu, makarani wa zamani wa vyama vya ushirika, na wenye maduka wa Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini waliofungua biashara kabla ya simu za mkononi. Nenda na betri zako mpya mfukoni na pamba. Fungua chemba ya betri kabla ya kuuliza bei. Andika 88888888: tarakimu nane huwasha vijistari vyote saba, na kilichokufa kitajitaja. Kisha piga 12345679 mara 8. Ukipata 98765432, umejaribu vitufe vyote vya namba isipokuwa sifuri. Kwa chenye mchezo, bonyeza nukta na kujumlisha mara nyingi kwa kasi, kwani ndivyo vilivyopigwa kuliko vyote na pedi zake za kaboni huwahi kulika. Nusa kioo. Kifuniko cha betri kilichopotea kinapunguza thamani zaidi kuliko mikwaruzo, kwa sababu hakipatikani. Ni afadhali vitano vizima kuliko boksi la mabovu ishirini ambalo hutalimaliza.

Vizima vihifadhi bila betri kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, mbali na dirisha la upande wa bahari. Vipakiti hushiba unyevu. Mwishoni mwa mvua badilisha.

Kwa fundi nenda pale panapohitaji kuchomelea: waya wa kisahani cha mlio, mguso wa betri uliokatika, kifuwele cha saa, utepe bapa. Mpe picha ulizopiga, mwambie atumie solda yenye ncha nyembamba na asishikilie zaidi ya sekunde mbili tatu, na ukae hapo akifanya.

Na betri zenyewe zifungie mbali na watoto. Mtoto akimeza, au hata ukihisi tu amemeza, usisubiri dalili wala usimtapishe. Betri ikikwama kooni inaunguza nyama kwa umeme ndani ya saa mbili. Mpeleke moja kwa moja hospitali yenye eksirei, kwenu Ligula, na uchukue betri iliyo sawa na ile ili daktari aone ukubwa wake.

Ukishafungua hicho chenye saa, niandikie namba iliyochapishwa kwenye bodi na unitumie picha ya upande wa kifuwele. Jina likishafutika kwenye uso, namba ya bodi ndiyo itakayotuambia ni cha nani na betri yake halisi ni ipi.